Karatasi Irudishayo Roho

Karatasi ilikataa kukauka. Kam-sau aliibandika juu ya ubao tangu asubuhi, maandishi yakitazama chini kama ilivyo ada ya kazi, akaisugua kwa kiganja ili gundi ya unga wa mchele ishike, kisha akaenda zake kunywa uji. Aliporudi ilikuwa bado mbichi. Akaigusa kwa kidole. Ilikuwa na joto, joto la shavu la mtu mwenye homa, na kidole chake kilipoinuka kilinuka chokaa na nywele zilizoungua.

"Ngan," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uguse hapa."

Ngan, aliyekuwa akichonga kwenye meza ya pili, hakuinua hata kichwa. "Sigusi. Yangu ya jana ilikuwa hivyohivyo. Nilipotia kisu ikatoa jasho."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani, dada? Tajiri? Atanikata ujira kwa kulowesha ubao wake."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wasiotaka kunyamaza. Kisha Kam-sau akashika kisu, maana kazi ni kazi, akaanza kuchonga ubao uliokuwa na homa.

Wanawake hawa wawili walitoka kijiji kimoja cha Shunde. Walikuwa wamejisuka nywele zao wenyewe mbele ya mungu wao wa kike na kuapa kutoolewa, wakawa madada wa kiapo. Mwanamke wa namna hiyo hana mume wa kumlisha wala mwana wa kumzika. Ana mkono wake wa kulia, basi. Mkono wa Kam-sau ulijulikana mji mzima wa Foshan. Ulikata herufi mia na ishirini kwa siku bila kuvunja hata unywele mmoja wa mti. Wachapishaji waliwapenda wanawake wa Shunde kwa sababu ujira wao ulikuwa mdogo, na pia kwa sababu hawakujua kusoma. Mchongaji anayesoma husimama kucheka, husimama kulia, na mara nyingine husimama kuuliza. Kam-sau hakusimama. Herufi alizozijua zilikuwa tatu tu, zile za jina lake, ambazo alizichonga ukingoni mwa kila ukurasa alioumaliza ili zihesabiwe kurasa zake. Ngan hakujua hata hizo; kurasa zake alizitia alama ya mkato tu.

Duka liliitwa Ukumbi wa Unyofu. Mwenyewe, Tajiri Lok, alikuwa mtu wa dini sana, na watu wa dini sana tunawajua. Watu wema walipomletea fedha achapishe nakala elfu za vitabu vya maadili, zigawiwe bure ili wao wapate thawabu mbinguni, alichapisha mia, majina ya wafadhili akayaandika makubwa kuliko maadili yenyewe. Waandishi mashuhuri waliokufa miaka mia mbili nyuma waliendelea kumwandikia kila mwezi, tena kwa bidii kuliko walipokuwa hai. Riwaya ndefu aliipasua katikati, pale shujaa anaponing'inia shimoni kwa ukucha, akauza nusu ya pili kwa bei ya kitabu kizima. Kitabu chake cha dawa kiliruka kurasa sita katikati ya tiba ya homa, na hakikuleta malalamiko, kwa kuwa waliokitumia hawakurudi dukani.

Lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa wa karatasi. Nchi ile nzima, karatasi yenye maandishi haikanyagwi, haifungiwi samaki, haipangusiwi meza. Wazee wenye vikapu hupita mitaani wakiziokota, wakazichoma kwa heshima katika tanuri la hekalu, na majivu yake yakamwagwa mtoni. Tajiri Lok aliwahonga wenye vikapu. Maandishi ya mji mzima yaliletwa uani kwake, barua za wafiwa, mikataba, sala, mashairi ya watoto wa shule, yakatumbukizwa katika pipa kubwa la chokaa, yakachemshwa mpaka yakawa uji, na uji ule ukachotwa kwa chujio la mianzi ukawa karatasi mpya. Mafundi huiita karatasi irudishayo roho. Ni jina la kazi tu. Hakuna aliyelichukulia kwa uzito.

Mpaka alipokuja Mwalimu Yip.

Hiyo ilikuwa siku ishirini kabla ya karatasi ile kukataa kukauka. Mwalimu Yip Tin-chak alikuwa mtu mwembamba, kanzu imefifia viwikoni, amefeli mitihani ya serikali mara nane. Riwaya yake ya sura arobaini alikuwa amempa Lok, nakala pekee aliyokuwa nayo, na akaja kuikuta mtaani ikiuzwa kwa jina la marehemu mmoja, imekatwa sura tisa, imetiwa wanawali wanne wanaooga ambao yeye hakuwahi kuwaandika. Aliingia mpaka uani akipiga kelele kwamba anakwenda kwa hakimu. Msimamizi Fung alikuwa karibu na pipa, na mkononi alikuwa na nyundo ya mti.

Kam-sau na Ngan waliona kupitia ufa wa ubao wa dirisha. Pigo la kwanza lilivunja taya. Mwalimu Yip alikaa chini kama mtu aliyeambiwa akae, akashika mdomo wake kwa mikono miwili, na meno yakatoka katikati ya vidole. Alijaribu kusema neno. Fung akampiga tena, na tena, na Tajiri Lok akawa anasema polepole, "Si kwenye karatasi, si kwenye karatasi, utachafua." Walipomwinua kumtia ndani ya pipa mguu wake mmoja ulikuwa bado unapigapiga, na chokaa ilipomfika ikachemka, ikatoa povu, na hapo ndipo alipopata sauti. Kam-sau aliziba masikio. Ilichukua muda mrefu kuliko mtu angefikiri.

Baadaye Tajiri Lok aliingia chumba cha wachongaji, anapangusa mikono.

"Mmeona nini?"

"Hatujaona kitu, Tajiri," alisema Kam-sau.

"Mmesikia?"

"Mvua."

Akawapa kila mmoja samaki mmoja wa chumvi. Kam-sau alimla samaki wake pamoja na wali, akashiba, na hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote: kwamba alishiba. Riwaya ikaendelea kuuzwa. Na lile pipa likachotwa kama kawaida, kwa sababu Tajiri Lok hakuwa mtu wa kumwaga malighafi.

Basi karatasi zilizotoka katika pipa lile ndizo zilizowafikia wachongaji, zimeandikwa na mwandishi wa duka kisa kipya cha mapenzi. Hivyo ndivyo walivyoambiwa. Siku saba wakachonga. Kila walipokata, mti ulitoa majimaji mekundu yaliyonata kwenye kisu, na vumbi la mbao lilinuka nyama. Mchana kweupe, wakati wa mvua, walisikia kutoka uani sauti ya nyundo ya mti ikipiga kitu laini, taratibu, pigo kwa pigo, na walipochungulia hapakuwa na mtu, ila uso wa pipa ukitikisika.

"Tuondoke, dada," alinong'ona Ngan.

"Twende wapi? Nani Foshan atawapa kazi wanawake waliomkimbia Lok?"

"Basi tuseme tulichoona."

"Tumeshasema hatukuona."

Siku ya nane mbao zikaenda kwa wapigaji chapa. Kufikia adhuhuri nakala mia nane zilikuwa zimekunjwa, ndipo Msimamizi Fung, ambaye ndiye aliyejua kusoma, akachukua moja kuipitia. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akatafuta mahali pa kukaa, na pasipokuwapo akakaa sakafuni.

"Nani kaandika hii?" aliuliza.

"Sisi tumejua kusoma tangu lini, Msimamizi?" alisema Kam-sau. "Ulichotupa ndicho tulichochonga."

"Sikuwapa hiki. Naapa sikuwapa hiki." Akasoma kwa kunong'ona, kidole kikifuata mistari. "'Mimi Yip Tin-chak, niliyeuawa katika pipa la chokaa, namshtaki Lok wa Ukumbi wa Unyofu na Fung msimamizi wake mbele ya Mungu wa Mji, mwenye mahakama ya wafu. Shahidi wangu aliyeona kwa macho yake…'" Akauinamisha ukurasa kusoma ukingoni, akamtazama Kam-sau. "Ni wewe. Jina lako liko hapa. Umelitia mwenyewe."

Kam-sau aliutazama ukingo ule. Herufi zake tatu zilikuwa pale, safi, zimekatwa vizuri, jinsi alivyozikata kila siku kwa miaka kumi na nne.

Tajiri Lok aliingia, akainyakua karatasi, akasoma mistari miwili. Uso wake ukawa na rangi ya ile chokaa yake. Lakini alikuwa mfanyabiashara. Hofu kwake ilikuwa hasara nyingine ya kuzuiwa. "Chomeni," alisema. "Zote. Na mbao pia. Sasa hivi, tanurini."

"Tajiri," Fung alianza, "mashtaka yakichomwa…"

"Chomeni, nimesema!"

Mtoto wa miaka mitano wa mtaa ule angeweza kumweleza. Mwenye kesi na wafu, au mfu mwenye kesi na walio hai, huandika shitaka lake na kulichoma, na moshi ndio tarishi unaolipeleka kwa Mungu wa Mji. Hakuna njia nyingine. Lakini Tajiri Lok alikuwa amechemsha maandishi ya watu miaka mingi mno bila kuchoma hata moja, akawa amesahau kuchoma ni kwa ajili ya nini. Wakachoma nakala mia nane. Mvua ilikuwa ikinyesha, na bado moshi haukutawanyika. Ulisimama wima juu ya paa, mwembamba, umenyooka, ukapanda mpaka ukaingia mawinguni. Mtu mwingine hupeleka shitaka moja na kungoja miezi. Mwalimu Yip alipelekewa mia nane kwa siku moja, na aliyempelekea ni mshitakiwa mwenyewe.

Jibu halikukawia. Kabla chai ya alasiri haijapoa walisikia Fung akipiga ukelele ghalani, mahali mbao kuukuu zilipopangwa mpaka darini. Ngan ndiye aliyetangulia kufika, akarudi akitapika. Fung alikuwa amebanwa katikati ya mbao mbili, moja kifuani na moja mgongoni, na hakuna aliyezishika, nazo zikaendelea kusogeleana, polepole, kama wapiga chapa wanavyokaza karatasi, na mbavu zake zikawa zinavunjika moja moja kwa sauti kavu ambayo kila mtu ndani ya nyumba aliisikia na kuihesabu bila kutaka, na damu ikamtoka mdomoni na masikioni, na alipokuwa hana tena pumzi ya kulia macho yake yaliendelea kumtazama Kam-sau mpaka yakatoka mahali pake. Mbao zilipoachia akaanguka kama kanzu. Ngozi yake, mbele na nyuma, ilikuwa imechapwa maandishi.

Kesho yake Kam-sau na Ngan walikwenda kwa Bibi Mak, mwanamke kipofu aliyeongea na wafu kwa bakuli la mchele. Bibi Mak alitia vidole kwenye mchele, akauchezea kidogo, akavitoa haraka. Vidole vilikuwa na malengelenge.

"Chokaa," alisema. "Nani kati yenu ndiye shahidi?"

"Mimi, Bibi," alisema Kam-sau. "Lakini sikujua ninachotia jina."

"Huko hawaulizi ulijua nini, mwanangu. Wanauliza nani katia sahihi. Kesi inasikilizwa kesho kutwa, jua la utosi. Shahidi lazima afike."

"Na akifika anarudi?"

Bibi Mak alitafuta mkono wake, akaupapasa. Mkono wa kulia wa Kam-sau ulikuwa moto tangu jana, moto uleule wa karatasi, na Bibi Mak akauachia kama aliyeshika chungu jikoni. "Wewe umewahi kuona anayerudi?"

"Tunaweza kumfukuza? Kwa hirizi, kwa damu ya jogoo, kwa chochote?" aliuliza Ngan huku analia.

"Unamfukuza jini aliyeingia kwa makosa. Huyu ana hati ya mahakama. Mimi ni nani nimtoe?"

Walipofika nyumbani walikuta Tajiri Lok amewatangulia mawazo. Alimpelekea Bibi Mak kiti cha kubebwa na fedha ya kutosha kununua kilio cha mji mzima: aje dukani siku ileile, saa ileile. Hakutaka kumfukuza Mwalimu Yip. Alitaka kuzungumza naye. Aliamini, na alikuwa na ushahidi wa miaka thelathini, kwamba hakuna mwandishi asiyekuwa na bei, na kwamba bei yenyewe huwa ndogo kuliko mwandishi anavyodhani.

Siku ya tatu, mvua ilikatika ghafla, na jua likaingia uani kali na jeupe. Kam-sau alikuwa dukani. Alikuwa amejaribu kukimbia alfajiri, akafika darajani, na mkono ukamvuta nyuma kwa nguvu iliyomwangusha matopeni mara tatu. Basi alirudi, akaketi mezani pake, Ngan pembeni yake ameshika kiuno chake kwa mikono miwili.

Bibi Mak alikaa mbele ya pipa, akatia vidole kwenye mchele, akatikisika. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamume, yenye kukoroma, sauti ya mtu asiye na taya nzima.

"Lok."

"Mwalimu Yip!" Tajiri Lok aliinama mpaka chini, na kwa kweli alitabasamu. "Nimefurahi umekuja. Tulikuwa tumeelewana vibaya. Sikiliza: toleo jipya. Sura zote arobaini, jina lako jalada la mbele, jekundu, kubwa hivi. Picha kila sura. Wale wanawali nawatoa. Unasemaje?"

Mchele ukaanza kuchemka ndani ya bakuli.

"Wanawali wawili nawatoa," alisema Lok, kwa mazoea tu, "wawili tunabaki nao, maana soko, Mwalimu, soko unalijua…"

Hakumaliza. Kitu kisichoonekana kilimkamata shingo kwa nyuma kikamtupa juu ya meza ya kuchongea, kifudifudi, uso juu ya ubao mtupu, jinsi wachongaji wanavyobandika karatasi, na mgongoni mwake kikapita kiganja ambacho hakuna aliyekiona lakini kila mtu aliona nyama ikibonyea chini yake, kiganja kikubwa kinachosugua, kinakwenda na kurudi, polepole, kwa ustadi, kama Kam-sau mwenyewe alivyosugua asubuhi zote za maisha yake, na nguo ya hariri ikasagika ikawa uzi, na uzi ukawa vumbi, na ngozi ikaanza kuwa nyembamba, nyembamba, mpaka mishipa ikaonekana ikipiga na mbavu zikaonekana nyeupe, na Tajiri Lok akilia anataja bei, anataja asilimia, anaitaja nyumba yake ya Guangzhou na mke wake mdogo, na ndipo visu vya mezani vikainuka vyenyewe, vyote kumi na viwili, vikageuza ncha zao chini, vikashuka.

Vilichonga kwa uangalifu. Havikuruka ukurasa.

Bibi Mak alikuwa ameanguka chini, povu mdomoni, lakini ile sauti haikumhitaji tena. Ilitoka ndani ya pipa.

"Shahidi."

Mkono wa Kam-sau ukanyooka wenyewe, ukamvuta kutoka kitini. Ngan alimng'ang'ania kiunoni, wakaburutwa wote wawili juu ya sakafu yenye damu, wakagonga mlango, wakatoka uani, na pipa likiwa mbele yao linafuka moshi mweupe unaokereketa macho.

"Mwalimu!" Kam-sau alilia. "Niliona! Niliona yote, nikasema sikuona! Nilikula samaki wao, Mwalimu, nikashiba! Nisamehe!"

"Njoo uyaseme huko," ilisema sauti, wala haikuwa na hasira. Ilikuwa na haraka.

Vidole vyake vilikuwa vimeshafika ukingo wa pipa. Ngozi ya kucha ilianza kuungua. Karibu na pipa palikuwa na meza ya kukatia kingo za vitabu, na juu yake lile jisu pana la mafundi, zito, lenye makali ya kupita kurasa mia tano kwa mpigo mmoja. Kam-sau aliliona, na mambo yakamnyookea kichwani. Hakuna aliyetia sahihi ila mkono. Yeye hajui hata kusoma.

"Ngan! Chukua jisu! Kata!"

"Nikate nini?"

"Mkono! Ndio unaoitwa, siyo mimi! Kata, mdogo wangu!"

"Siwezi, dada! Utakula nini? Mkono wako ndio…"

"Kata, la sivyo utanizika bila kitu cha kuzika!"

Ngan alikata. Pigo la kwanza lilifika mfupa likakwama, na Kam-sau aliona nyota mchana. La pili liliteleza. La tatu Ngan alilishusha huku amefumba macho na kuita jina la mama yake, na likapita. Kam-sau akaanguka nyuma. Mkono haukuanguka. Ulibaki umening'inia ukingoni kwa vidole vyake, ukajivuta, ukapanda, ukasimama juu kidogo kama unaoaga au unaojinyoosha viungo, kisha ukajitosa. Chokaa ikafunga juu yake. Ua wote ukawa kimya, na kutoka mtaani ikasikika sauti ya mtu anayeuza maharage ya kukaanga.

Ngan alimfunga kisiki cha mkono kwa kitambaa na majivu ya tanuri, akamchukua kwa mashua mpaka kijijini, katika nyumba ya madada wa kiapo. Alipona, ingawa ilichukua majira mawili ya mvua. Mdogo wake Lok alifungua duka upya kabla damu haijasuguliwa sakafuni, akaliita Ukumbi wa Haki, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa kisa cha kweli cha jini la pipa, chenye picha, kwa jina la marehemu mmoja mashuhuri. Kiliuzwa sana.

Kam-sau angeyavumilia hayo yote. Alijifunza kula kwa mkono wa kushoto, kulisha viwavi wa hariri kwa mkono wa kushoto, kujisuka nywele kwa meno na mkono wa kushoto. Lililomshinda ni mkono wa kulia. Kila asubuhi, kulipokucha, aliusikia ukishika kisu. Aliusikia vizuri, mahali pasipokuwa na kitu, kidole gumba kikikaza mpini, kifundo kikigeuka, mti ukikatika. Herufi baada ya herufi, bila kupumzika adhuhuri, bila sikukuu. Jioni maumivu yalimpanda mpaka begani akatafuna mkeka.

Mwishowe akamwomba Ngan ampeleke tena Foshan. Bibi Mak alikuwa amezeeka, lakini bakuli lilikuwa lilelile.

"Kesi iliisha siku ileile," alisema Bibi Mak baada ya kusikiliza mchele. "Lok na Fung wamekwisha hukumiwa. Wanachemshwa."

"Basi mkono wangu uachiwe," alisema Kam-sau. "Umeshatoa ushahidi. Uzikwe, upumzike, na mimi nipumzike."

Bibi Mak alitia vidole tena. Safari hii alikaa muda mrefu, na uso wake ukawa wa mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine.

"Mwalimu Yip aliuomba," alisema. "Mahakama ikampa. Anasema hajapata kuona mkono mzuri kama huo. Anachapisha riwaya yake, zile sura arobaini zote, na nyingine anaziandika. Anasema mambo ya kuandika anayo mengi, na sasa muda anao."

Ngan alitukana kwa sauti. Kam-sau alishika kisiki chake, ambacho hata hapo kilikuwa kinaruka kwa mapigo madogomadogo ya kazi.

"Analipa?" aliuliza.

Bibi Mak aliuchezea mchele, akasikiliza.

"Anasema atalipa kitabu kikishauzwa."